Siku nne za kutandikiwa kitanda

Nina miaka 23 kwenye kazi ya hausikiping, hoteli za kaskazini Unguja. Nilianza kwa kusugua mabafu, leo ni supavaiza, na hata ukiniamsha usiku wa manane nitakwambia shuka ya kitanda cha futi sita inakunjwa vipi pembeni ili isichomoke mgeni akijigeuza. Lakini kuna mambo ya hoteli nilikuwa siyajui kabisa. Sikujua chai ya asubuhi ina ladha gani ukiletewa kitandani. Sikujua maji ya bwawa yana baridi kiasi gani saa tano ya mchana, maana saa hiyo mie huwa ghorofani, kadi ya kufungulia milango yote inaning'inia shingoni, napitisha kidole juu ya fremu za picha kutafuta vumbi.

Kwa hiyo binti yangu aliponipigia kutoka Doha, anakofanya kazi, akaniambia, "Mama, omba likizo mwezi wa saba, nishalipa kila kitu, tunakwenda Java," sikufurahi papo hapo. Niliuliza Java ndiyo wapi. Akasema Indonesia. Nikauliza tunakwenda kufanya nini huko.

"Kulala, mama. Utalala hotelini, na safari hii wewe ndiye mgeni."

Nikamwambia ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Moyoni nikasema huyu mtoto amechezea pesa. Baadaye niliiona bei ya usiku mmoja kwenye simu yake, kwa bahati mbaya. Ilizidi mshahara wangu wa miezi mitatu. Sikumwambia kama nimeiona.

Yogyakarta, mji tulioshukia huko Java, nilipokewa na harufu kabla ya kupokewa na mtu. Nje ya uwanja wa ndege madereva walikuwa wamesimama wanavuta sigara, na moshi wake unanuka karafuu. Karafuu yenyewe hasa, si manukato ya kuigiza. Mie mtoto wa Pemba. Nimekulia pembeni ya majamvi ya karafuu, nimechambua makonyo mpaka vidole vikawa vyeusi, na kwetu harufu ile ilikuwa ndiyo ada ya shule na nguo ya sikukuu. Nikasimama na begi langu sisogei. Binti yangu akadhani kizunguzungu cha ndege.

Dereva alitwambia zinaitwa kretek, jina limetoka kwenye mlio wa karafuu zikiungua. Na mie nikawa na langu la kumpa. Marehemu baba alikuwa akituambia karafuu zetu zinapelekwa Indonesia kuvutwa, na sisi watoto tukicheka, tukijua ni masihara ya watu wazima. Kumbe kweli. Kwa miaka mingi Indonesia ndiyo ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, mpaka wakapanda yao ya kuwatosha, na miaka ya 1980 bei ikaporomoka. Waliokuwa Pemba wakati huo hawahitaji kuelezwa maana yake. Na mkarafuu wenyewe asili yake huko huko kwao, visiwa vya Maluku. Kwetu uliletwa karne ya 19, ukipitia kwanza visiwa vya Wafaransa kwenye Bahari ya Hindi. Dereva alicheka, akapiga usukani. "Basi Bu, sisi jamaa."

Bu ni kifupi cha Ibu, mama. Siku zote nne sikuitwa "madam" hata mara moja. Niliitwa Bu, na dereva, na mhudumu, na muuza mahindi njiani. Sisi hotelini tunafundishwa kusema madam, na nimewafundisha wasichana wengi kusema hivyo, huku nikijua kuwa neno hilo halina joto lolote mdomoni mwao.

Hoteli yenyewe siitaji jina. Imejengwa kwa mawe, mgongoni ina vilima vya Menoreh, mbele mashamba ya mpunga, na ukisimama barazani unaiona Borobudur, hekalu kubwa la kale la Kibudha, kwa mbali, nyeusi, kama kichuguu kikubwa kilichoota katikati ya miti. Watu wanavuka bahari kwa ajili ya kuiona namna hiyo, na mie niliiona mwisho kabisa. Kwanza nilipitisha kidole juu ya fremu. Hakuna vumbi. Nikainama kuchungulia chini ya kitanda. Safi. Nikavuta pazia kuangalia upindo wa chini, ndipo binti yangu akapiga kelele, "Mama! Hukuja kukagua!"

Juu ya dari niliona mshale mdogo wa kijani wa kuonyesha kibla. Hilo nalo nililikagua, maana Unguja kibla chetu ni kaskazini moja kwa moja, na mie nimesali hivyo maisha yangu yote. Pale mshale unaelekea magharibi, umepinda kidogo kaskazini. Mtu anaweza kutazama ramani mwaka mzima asijue yuko mbali kiasi gani na kwao. Mie nilijua siku ile, kwenye mswala, jua la machweo likinipiga usoni.

Alfajiri ya kwanza niliamka saa kumi na nusu kwa adhana. Misikiti ya vijijini iliitana, mmoja ukimaliza mwingine unadakia, na ukungu umelifunika bonde lote, na katikati ya ukungu ule limekaa hekalu la Kibudha. Watu wa pale wengi wao ni Waislamu. Ndio wanaolifagia, ndio wanaolilinda, ndio wanaouza maji mlangoni. Sikupata maelezo ya namna wanavyolipanga jambo hilo vichwani mwao, na nadhani hawaoni kuwa kuna la kupanga.

Nikasali, nikakaa, nikaona hakuna la kufanya. Basi nikatandika kitanda.

Nikakitandika vizuri, pembe zote nne, mito nikaipiga ikasimama. Bafuni nikafuta sinki likakauka, taulo nikazikunja mara tatu kama tunavyofanya kwetu. Saa nne msichana wa chumba alipobisha, nilifungua mlango kwa tabasamu, kama mwanafunzi aliyemaliza hesabu mapema.

Yule msichana alisimama mlangoni, akatazama kitanda, akatazama bafu, na uso ukamshuka. Akamgeukia binti yangu, akauliza kwa Kiingereza cha pole pole kama jana kulikuwa na kosa. Kama shuka hazikuwa safi. Kama angependa aitwe mtu mwingine.

Nilitamani nipasuke. Maana mie najua sisi tunasema nini juu ya mgeni wa namna ile. Mgeni asiyetaka chumba chake kiguswe tunasema, "Huyu anatudhania wezi," au tunasema, "Huyu ana malalamiko, subiri barua." Na jioni supavaiza atauliza mbona chumba fulani hakikufanywa, na msichana hatakuwa na jibu la maana. Nimewahi kuwa yule msichana. Nimewahi pia, Mungu anisamehe, kuwa yule supavaiza.

Nikamwambia binti yangu amweleze kuwa na mie kazi yangu hii hii, huko Zanzibar. Akaelezwa. Akatabasamu kwa adabu, lakini nikaona haamini. Wageni husema mengi. Basi nikaichomoa shuka yote, nikairusha hewani, ikashuka katikati ya godoro bila kusogezwa, nikapiga pembe ya kwanza.

Akacheka kwa sauti, mkono mdomoni. Halafu akaja upande wangu, akaichomoa ile pembe yangu, akanionyesha yake. Mkono wake anauingiza chini ya godoro kiganja kikiwa chini, mgongo wa mkono umelala kwenye godoro laini, ili kucha na vifundo visikwaruzwe na mbao. Mie miaka 23 naingiza kinyume. Nina makovu meupe kwenye vifundo vinne vya mkono wa kulia. Nilidhani ndiyo alama ya kazi, kama mvuvi na mikono yake. Nikamwonyesha. Akavigusa kimoja kimoja, akasema kitu kwa Kijawa ambacho hakuna aliyetutafsiria.

Kesho yake nilikiacha kitanda ovyo. Nilikaa barazani na chai, nikimsikia ndani akifungua na kufunga, na mikono yangu inawasha. Nisikudanganye, kukaa ni kazi. Chakula cha jioni ndiyo kabisa: walitutandikia meza peke yetu ukingoni mwa shamba la mpunga, taa ndogo ndogo zimezunguka, na vijana watatu wamesimama nyuma yetu. Waliniletea gudeg, fenesi changa lililopikwa kwa tui na sukari ya mnazi mpaka likawa rangi ya kahawia. Tamu kupita kiasi, kwa ulimi wangu. Fenesi nalipenda bivu, la kuliwa kwa mkono. Lakini hata lingekuwa na ladha ya peponi nisingelimeza vizuri, na watu wamesimama mgongoni. Nilimwomba binti yangu awaambie wakae. Akaniambia, "Mama, wakikaa watafukuzwa. Wewe si ndiye unayewaambia wa kwako wasikae?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba maji.

Mpango ulikuwa tupande hekalu Jumatatu. Hoteli ilikuwa imetuandikia hivyo kwenye ratiba yake nzuri ya karatasi nene, na ni mpaka tulipofika langoni ndipo tukaambiwa Jumatatu hairuhusiwi mtu kupanda, ni siku ya matengenezo. Unaweza kuzunguka chini tu. Kwa bei ile! Mapokezi wakaomba radhi, wakaleta matunda. Nililijua lile sinia la matunda kama ninavyolijua jina langu. Ni mie ninayelipeleka.

Basi siku hiyo tukaenda Mendut, hekalu dogo lililo kilomita tatu hivi upande wa mashariki, kwenye mstari mmoja na Borobudur. Kila mwaka kwenye Waisak, sikukuu ya Wabudha, waumini huandamana kwa miguu kutoka Mendut mpaka Borobudur. Ndani kuna sanamu ya Buddha ya jiwe yenye urefu wa kama mita tatu, na haikukunja miguu kama zile nyingi; imekaa kama mtu aliye kwenye kiti, miguu imeteremka chini. Nilimwambia binti yangu, huyu anajua kukaa.

Baadaye tukapanda kilimani kutazama jengo moja la ajabu lenye umbo la ndege mwenye kilemba kama cha kuku, wanaliita Gereja Ayam. Ayam ni kuku. Gereja nikauliza ni nini, nikaambiwa ni kanisa. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Neno hilo ni la Kireno. Kwao limebaki kanisa, kwetu limekuwa gereza. Tangu hapo nikaanza kuokota maneno kama mtoto anayeokota kombe ufukweni: meja ni meza, bendera ni bendera, sabun, musim, kabar. Ukimsalimia mtu unasema "apa kabar", na masikio ya Mswahili yanasikia habari bila kuambiwa. Nilimwambia yule msichana wa chumba "sabun" na "meja" akanipigia makofi.

Jumanne ndiyo tukapanda. Wakati ule kupanda kulikuwa kwa zamu, watu hawakuzidi 1,200 kwa siku, na mgeni kutoka nje alilipa rupia 455,000, kama dola 28 hivi. Unapewa na kandambili maalumu zinazoitwa upanat, unavua viatu vyako unavitia mfukoni. Wameanzisha hivyo kwa sababu soli za viatu zinalila jiwe. Ngazi zimelika katikati kama kinu cha zamani. Nilizigeuza zile kandambili nikaangalia msuko. Zimesukwa kwa majani ya jamaa ya mkadi. Kwetu mkadi tunauthamini kwa maua, unatiwa kwenye kikuba; wao wanasuka majani yake kama sisi tunavyosuka ukindu.

Kijana wa kututembeza alikuwa mwepesi wa maneno, mwenyeji wa pale pale. Alitwambia hekalu lilijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9 wakati wa wafalme wa Sailendra, kwa mawe ya volkano yaliyopangwa bila saruji, yanashikana kwa kukatwa meno tu. Ghorofa tisa, sita za mraba na tatu za duara. Michongo 2,672, na sanamu za Buddha zilikuwa 504. Njia yake huiendei moja kwa moja juu. Unazunguka kila ghorofa, hekalu likiwa mkono wako wa kulia, ndipo upande. Sisi tukitufu, Kaaba huwa mkono wa kushoto. Nilijikuta naliangalia bega langu kila tukikata kona, kama mtu anayeendesha gari nchi ya watu. Sikwenda kuabudu, nilikwenda kutazama, lakini mwili una mazoea yake.

Kabla hatujapanda alitupeleka kona ya kusini-mashariki, chini kabisa, mahali ambapo mawe yameondolewa kidogo. Pale ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine pote, na kikundi kikanisubiri.

Kumbe chini ya hekalu kuna safu nyingine nzima ya michongo, 160, iliyozibwa. Walikwisha kuichonga, halafu wakaifunika kwa ukuta mnene wa mawe kuzunguka jengo lote. Wengi husema ilikuwa kulizuia jengo lisiporomoke kwa uzito wake. Wengine husema mambo yaliyochongwa hayakupendeza kuonyeshwa. Ilikaa gizani mpaka 1885 ilipogunduliwa, ikafunuliwa kipande kipande, ikapigwa picha na Kassian Cephas, mpiga picha wa Kijawa, kisha ikafunikwa tena. Kona ile ndogo ndiyo iliyofunuliwa tena baadaye, ikaachwa wazi.

Na imechongwa nini? Juu ghorofani utaona wafalme, malaika, maisha ya Buddha, lulu na maua. Chini kule ni sisi. Kuna watu wanaopika, wanaouza, wanaobeba, wanaogombana, wagonjwa wanaokandwa tumbo. Kila tendo na malipo yake. Kijana alitufungulia picha za ile iliyofunikwa kwenye simu yake: watu wanachemsha samaki na kobe chunguni, na pembeni yao hao hao wamo ndani ya chungu, wanachemshwa. Kwingine watu wenye sura mbaya, na juu yao wachongaji wameandikiwa neno kwa herufi za Kijawa cha kale, wirupa, sura mbaya, ili wajue wachonge nini. Yale maandishi yalikuwa ya kazi tu, maelekezo ya fundi kwa fundi, na bado yapo. Mie nilipoyaona yale maneno nilikumbuka cheklisti zetu tunazobandika nyuma ya mlango wa stoo, mahali mgeni hafiki.

Kila hoteli ina upande wake wa chini. Kwetu kuna korido ndefu isiyo na dirisha, mabomba juu, mikokoteni ya nguo chafu, harufu ya klorini na wali wa wafanyakazi. Ukisukuma mlango mmoja tu unatokea kwenye marumaru na maua. Mgeni hukaa wiki mbili juu ya korido ile asijue ipo. Nilimuuliza yule kijana kama jengo lingesimama bila ule ukuta wa chini. Akasema hakuna anayetaka kujaribu.

Juu nitapita haraka. Kuna mchongo wa jahazi, tanga limejaa upepo, na ubavuni lina matengo kabisa, kama ngalawa ya Nungwi! Kijana akasema kuna watu waliunda chombo kwa kufuata mchongo ule, na mwaka 2003 kikatoka Jakarta, kikapita Shelisheli na Madagaska, kikaizunguka Afrika ya Kusini, mpaka Accra kule Ghana mwaka 2004. Chombo chenyewe kimewekwa kwenye jumba la makumbusho hapo hapo bustanini. Tulikwenda kukiona. Ningekuwa na uwezo ningekileta kila mvuvi wa kwetu akiguse.

Kwenye korido za juu kuna hadithi ya kijana mmoja, Sudhana, mtoto wa mfanyabiashara, anayetafuta elimu. Anapelekwa kwa mwalimu mmoja, naye anamwambia, mimi najua hili tu, nenda kwa fulani. Hivyo hivyo zaidi ya walimu hamsini. Kati yao wamo wafalme na watawa, lakini yumo na nahodha, na muuza manukato, na mtoto mdogo. Nilitafuta mtandika vitanda. Labda nilimpita, saa moja waliyotupa ilikuwa inakwisha na kijana anatazama saa.

Hapo juu, kwenye zile stupa 72, vijumba vya mawe vyenye umbo la kengele na matundu, jambo nililouliza lilikuwa moja: hivi vumbi linatolewaje? Binti yangu akafunika uso. Lakini yule kijana alifurahi, maana nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwaka 2010 mlima Merapi ulilipuka, hapo kwa mashariki tu, na hekalu lote likafunikwa majivu, mahali pengine sentimita 2.5. Na majivu ya volkano yana tindikali, yanakula jiwe. Walikuja watu wa vijijini na wafanyakazi, wakafagia kwa brashi na mifagio, jiwe kwa jiwe. Yakaingia mpaka kwenye mifereji ya ndani, ikabidi mawe zaidi ya 55,000 yaondolewe kuizibua, kisha yarudishwe kila moja mahali pake. Nilimwambia, hiyo ndiyo kazi ya watu. Wafalme wa Sailendra walijenga mara moja. Hawa wanajenga kila siku kwa fagio.

Tulipokuwa tunashuka akatuonyesha mahali fulani bustanini, miti mizuri na majani yaliyokatwa sawasawa, akasema bibi yake amezaliwa pale. Vijiji vilivyokuwa kando ya hekalu vilihamishwa miaka ya 1980 hifadhi ilipotengenezwa. Alilisema bila kulalamika, akaendelea na mambo mengine. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa mara mbili. Ninapofanya kazi mie, ufukweni mbele ya chumba namba moja, ndipo mama mmoja ninayemjua alipokuwa akifukia makumbi yake.

Asubuhi ya kuondoka msichana wa chumba alikuja mapema kabla zamu yake haijaanza, hakuvaa sare. Nilimpa kanga, ile niliyokuwa nayo mwenyewe begani, na bahasha. Kanga aliipokea kwa mikono miwili. Bahasha akaitazama, akatazama mlango, nikamwambia, "Iko chini ya mto, hujaiona mpaka ufanye chumba," maana najua kwenye hoteli nyingine ukipokea mkononi ni kesi. Akaelewa. Hakuna lugha ya Kiingereza iliyohitajika.

Nimerudi kazini. Kwenye mafunzo ya wiki ya kwanza niliwafundisha wasichana wangu kuingiza mkono kiganja chini. Mmoja akasema, "Mbona miaka yote ulitufundisha vingine?" Nikamwambia nilikuwa sijui. Na pale kwenye korido yetu nimeweka viti viwili, vya plastiki, karibu na stoo. Meneja aliviona, hakusema kitu, bado vipo.

Upanat nilizipeleka Pemba, nikampa mama. Ana miaka zaidi ya themanini, amesuka ukili tangu hajabaleghe. Nilimweleza habari za hekalu, jahazi lenye matengo, mlima unaotema majivu, na fenesi lililotiwa sukari. Alisikiliza fenesi. Halafu akaichukua kandambili moja, akaisogeza karibu na jicho lake linaloona, akaingiza ukucha kwenye msuko, akachomoa unyasi mmoja, akauvuta taratibu mpaka safu nzima ikalegea.

"Huyu alikuwa na haraka," akasema. "Lete ile ya pili."